Usitupe Kisomaji Chako: Jinsi ya Kubadilisha Betri Nyumbani kwa Usalama

Mazungumzo yaliyotolewa na Afisa wa Habari wa Kaunti katika Siku ya Wazi ya Maktaba ya Umma. Tunayachapisha kwa manufaa ya wakazi ambao hawakuweza kuhudhuria.

Naona wengine mmekuja na vifaa vyenu ndani ya mifuko. Naomba msivifungue kwanza. Tusikizane, halafu tutasogea kwenye meza.

Nianze kwa kusema wazi kwamba mimi si fundi. Kazi yangu ni kuandika habari za kaunti, kupiga picha kwenye mikutano ya wadi na kujibu maswali ya wanahabari. Nimeombwa kuzungumza kwa sababu nimewahi kuharibu kisomaji kimoja kwa mikono yangu mwenyewe, kisha nikatengeneza kingine kikapona. Mkutubi wetu aliposikia hayo akaniambia kwamba wananchi wangefaidika na yote mawili.

Kisomaji kilichopona ni cha mama yangu. Mama alifundisha shule ya msingi miaka mingi kabla ya kustaafu. Sasa ana kisukari, na macho yamepungua nguvu. Kitabu cha kawaida hakisomi tena, hata akivaa miwani. Lakini kwenye kisomaji anakuza herufi mpaka maneno machache tu yanajaza kioo, na hapo anasoma vizuri. Kilipoacha kushika chaji, mama aliacha kusoma. Hakulalamika. Nilipomtembelea nilikuta kifaa kimewekwa kabatini pamoja na vikombe vya wageni, nikajua ameshakata tamaa. Tulikipeleka kwa fundi mmoja mjini. Hakukifungua. Alikitazama tu akasema, "Hii ni ya kutupa, nunueni mpya." Kipya kilikuwa zaidi ya Sh15,000. Betri niliyoagiza baadaye ilinigharimu Sh2,500 pamoja na usafiri.

Tofauti hiyo ya bei ndiyo iliyotuleta hapa leo. Lakini kuna jambo zito kuliko bei, nalo ni usalama. Betri hizi zikitobolewa au kukunjwa zinaweza kuwaka moto. Kwa hivyo nitakueleza namna ya kufanya kazi hii, na pia wakati ambao hupaswi kuifanya.

Kwa nini kifaa kizima hufa kwa sababu ya betri

Kisomaji hakifanani na simu. Kioo chake hutumia wino wa kielektroniki. Ndani yake mna vifuko vidogo sana vyenye chembe nyeusi na nyeupe. Umeme ukipita, chembe hizo husogea na kuunda herufi, kisha hubaki hapo hapo bila kuhitaji umeme tena. Ndiyo maana kisomaji kizuri hukaa wiki kadhaa bila kuchajiwa. Kinatumia nguvu hasa unapofungua ukurasa mwingine, unapowasha taa yake au unapowasha intaneti.

Kioo cha namna hiyo hudumu miaka mingi kisipodondoka. Kinachochoka mapema ni betri ya lithiamu. Betri hii huzeeka kwa njia tatu. Ya kwanza ni matumizi ya kawaida: baada ya mizunguko ya chaji kati ya 300 na 500, uwezo wake huwa umeanza kupungua kwa kiasi cha kuonekana. Ya pili ni joto. Kifaa kikiachwa juu ya dashibodi ya gari au kwenye rafu iliyo karibu na mabati, betri inaharibika upesi. Ya tatu ni kuachwa bila chaji kabisa kwa miezi mingi. Hii ndiyo inayoua vifaa vya shule na maktaba wakati wa likizo ndefu. Kifaa kinafungiwa kabatini kikiwa na chaji kidogo, na kinapotolewa hakiamki.

Wengi wenu mnakumbuka kwamba katika miaka ya kati ya 2010, shirika la Worldreader likishirikiana na Huduma ya Maktaba ya Kitaifa lilileta visomaji vya Kindle katika maktaba za umma nchini. Watoto wengi walisoma hadithi zao za kwanza kwenye vifaa hivyo. Betri ya umri huo, hata ikitunzwa vizuri, imeshazeeka. Hapa niseme jambo moja mapema: ukiwa na kifaa cha maktaba au cha shule, usikifungue nyumbani. Kirudishe kwa mkutubi au mwalimu. Ninayoeleza leo ni kwa kifaa chako mwenyewe.

Hakikisha kwanza kwamba tatizo ni betri

Kabla ya kununua chochote, fanya majaribio haya manne. Hayana gharama.

Kwanza, badilisha waya wa chaji na chaja. Waya nyingi za bei nafuu hukatika ndani bila kuonekana nje. Pia usitegemee tundu la taa ya sola kuchaji kifaa kilichozima kabisa, kwa sababu mara nyingi nguvu yake ni ndogo.

Pili, angalia tundu la chaji kwa tochi. Vumbi na nyuzi za mfukoni hujishindilia humo. Zitoe taratibu kwa kijiti cha meno cha mbao kifaa kikiwa kimezimwa. Usitumie sindano.

Tatu, kiache kwenye chaja kwa saa kadhaa. Betri iliyoisha kabisa inaweza kukaa nusu saa au zaidi kabla kifaa hakijaonyesha dalili yoyote. Kisha bonyeza kitufe cha kuwasha na ukishikilie kwa sekunde 40 ili kifaa kijiwashe upya. Kuna wakati ni programu iliyokwama tu.

Nne, kikiwaka lakini chaji inaisha haraka, zima intaneti na ukitazame kwa siku mbili tatu. Ukiingiza vitabu vingi kwa pamoja, kifaa hufanya kazi ya kupanga maneno ya vitabu hivyo ili uweze kuyatafuta, na kazi hiyo hula chaji. Ikimaliza, chaji hutulia.

Kama umefanya yote hayo na bado kisomaji kinazima mara tu unapochomoa waya, au chaji inashuka kutoka nusu hadi sufuri kwa saa chache, basi ni betri.

Ikivimba, simama hapo

Weka kisomaji juu ya meza iliyonyooka. Je, kinayumba? Je, kifuniko cha nyuma kimefura au kimeachana pembeni? Je, kioo kimeinuka katikati? Je, kuna harufu tamu isiyo ya kawaida, kama ya rangi ya kucha? Ukiona hata dalili moja kati ya hizo, betri imevimba. Ndani yake mna gesi.

Betri iliyovimba usiichaji. Usiibonyeze irudi. Usiitoboe kutoa hewa, hata kama jirani amekuambia alifanya hivyo na hakupatwa na kitu. Kitoe kifaa nje ya nyumba, kiweke ndani ya sufuria kuukuu au ndoo ya chuma yenye mchanga mkavu, mbali na mafuta, makaa, makuti na watoto. Kisha kifikishwe kwa mtu mwenye ujuzi.

Nina mjomba wangu aliyeniletea kisomaji chake baada ya kusikia cha mama kimepona. Kilikuwa kimevimba mpaka kifuniko kimejipinda. Alinisihi nijaribu, akaniambia, "Wewe si umeshajua?" Nilimjibu, "Samahani mjomba, hiki siwezi." Alikasirika kidogo. Lakini nyumbani kwake wanalala watoto watano, na mimi pia nina nyumba. Nanyi mkikataa kazi ya namna hiyo, msione haya.

Kununua betri inayofaa

Usiagize kwa jina la kifaa peke yake. Kindle kwa mfano imetoka kwa matoleo mengi yanayofanana kwa nje lakini yana betri tofauti. Tafuta namba ya modeli kwenye kifuniko cha nyuma au kwenye mipangilio. Ukiweza kufungua na kusoma lebo ya betri kuukuu, ni bora zaidi. Linganisha mambo haya: namba iliyoandikwa kwenye lebo, volti, umbo na ukubwa, na plagi yake. Volti ni lazima zilingane. Betri nyingi za visomaji zimeandikwa volti 3.7.

Halafu kuna uwezo, unaoandikwa kwa mAh. Betri ya Kindle ya mama, ile ya mwaka 2010 yenye vitufe vya herufi chini ya kioo, ni ya mAh 1750. Ukiona muuzaji anatangaza betri ya umbo lile lile yenye mAh 5000, huo ni uongo wa kwenye lebo. Nafasi ni ile ile, haiwezi kubeba karibu mara tatu. Mwombe muuzaji picha ya lebo kabla ya kutuma pesa, na ikifika ikiwa imekunjika au imefura, irudishe bila kuijaribu.

Kosa langu la kwanza

Sasa niwaeleze kilichoharibika. Kilikuwa kisomaji changu mwenyewe, Kindle Paperwhite ya kwanza, iliyotolewa mwaka 2012. Nilidhani kinafunguka kwa nyuma kama simu za zamani. Nikachukua kisu cha jikoni nikaanza kukichokoa ukingoni. Sikujua kwamba aina ile hufunguliwa kwa mbele: fremu inayozunguka kioo imeshikwa kwa gundi na vikucha vya plastiki, na skrubu zimejificha chini yake. Kisu kikateleza, nikasikia mlio mdogo. Nilipokiwasha, nusu ya kioo ilikuwa mistari tu. Kioo cha wino wa kielektroniki ni chembamba mno. Kikipinda kidogo kinapasuka kwa ndani hata kama juu hakuna mkwaruzo.

Kutokana na hasara hiyo nilijifunza mambo mawili. Jambo la kwanza, soma namna aina yako inavyofunguka kabla ya kugusa. Tovuti ya iFixit ina maelekezo yenye picha ya vifaa vingi, bila malipo. Huna intaneti? Njoo hapa maktabani. Jambo la pili, usitumie kisu wala chuma chochote chenye ncha. Tumia plastiki, kwa mfano kadi ya benki iliyokwisha muda wake.

Hatua kwa hatua

Nitaeleza nilivyofanya kwa kifaa cha mama, kisha niseme tofauti kwa aina nyingine.

Andaa meza safi yenye mwanga, na utandike taulo laini. Weka karibu bisibisi ndogo ya nyota, kadi za plastiki mbili, sahani ya kuwekea skrubu, na simu ya kupiga picha kila hatua. Ndoo ya mchanga iwe miguuni. Watoto na paka wawe nje ya chumba. Acha chaji ishuke chini ya robo kabla ya kuanza, kwa sababu betri yenye chaji kidogo ina hatari ndogo ikipata ajali. Kama kuna vitabu ambavyo huwezi kuvipata tena, vinakili kwenye kompyuta kwa waya, ingawa vitabu hukaa kwenye kumbukumbu ya kifaa na havipotei kwa kutoa betri.

Kizime kabisa, chomoa waya. Kilaze kioo kikiangalia chini juu ya taulo. Ingiza ukingo wa kadi kwenye mfereji kati ya kifuniko cha nyuma na mwili wa kifaa, uusogeze taratibu. Utasikia vikucha vikiachia kimoja kimoja. Acha kadi ya kwanza pale palipofunguka ili pasijifunge, uendelee na ya pili. Usiingize kadi ndani sana. Ukingo tu unatosha.

Kifuniko kikitoka utaiona betri, kipande bapa kinachochukua nafasi kubwa. Piga picha. Kwenye Kindle ya mama ilishikwa na skrubu mbili ndogo. Nilizifungua, nikaivuta betri taratibu itoke kwenye ubao wa saketi. Kwenye aina nyingine betri ina plagi yenye waya. Shika plagi yenyewe kwa kucha au kwa plastiki, usivute waya. Na bisibisi isiguse kamwe ncha mbili za betri kwa wakati mmoja.

Aina nyingi za baadaye zimebandikwa betri kwa gundi. Hapo ndipo watu wengi hutoboa. Usiichokoe kwa nguvu. Pasha joto la wastani sehemu ya gundi kwa mashine ya kukausha nywele, isiwe moto wa kuunguza kidole. Kisha pitisha uzi wa nailoni chini ya betri, uuvute kulia na kushoto kama anayekata sabuni, mpaka gundi iachie. Betri ikianza kukunjika, pumzika, pasha tena.

Weka mpya jinsi ya zamani ilivyokaa. Kabla ya kuchomeka, linganisha mpangilio wa waya na picha uliyopiga: nyekundu pale palipokuwa nyekundu, nyeusi pale palipokuwa nyeusi. Zikitofautiana, usichomeke, hata kama plagi inaingia. Rudisha skrubu bila kukaza kupita kiasi. Kabla ya kufunga kifuniko, jaribu kukiwasha. Kikiwaka, bana kifuniko kwa vidole kuzunguka pembeni hadi usikie vikucha vikishika.

Chaji ya kwanza ifanye mchana, ukiwa macho, kifaa kikiwa juu ya sakafu ya saruji na si kitandani. Kiguse kila baada ya dakika chache. Uvuguvugu ni kawaida. Kikiwa cha moto, chomoa mara moja. Kumbuka pia kurekebisha saa na tarehe.

Tahadhari mbili za mwisho. Kama kifaa kiko ndani ya muda wa dhamana, usikifungue, mrudishie aliyekuuzia. Na kama ni aina isiyoingia maji, ujue baada ya kufunguliwa haiwezi kutegemewa tena karibu na maji.

Betri kuukuu iende wapi

Betri uliyotoa usiitupe kwenye jaa, usiichome pamoja na taka za uani, na usiitumbukize chooni. Kwenye jaa inapondwa na trekta na kuwasha moto. Wanaoumia ni vijana wetu wanaookota chupa, pamoja na wanaoishi jirani na moshi ule.

Funika ncha zake kwa utepe wa plastiki, iweke kwenye kopo kavu, na uilete. Leo tuna ndoo yenye mchanga hapo mlangoni na tunapokea. Nairobi kuna kituo cha WEEE kinachoshughulikia taka za vifaa vya umeme. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zitenganishwe zinapotoka, na Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti kazi ya kuondoa taka na pia kazi ya maktaba. Kwa hivyo ukiuliza kaunti inahusika vipi na betri ya kisomaji, inahusika kwa pande zote mbili, na mna haki ya kutuuliza tunavyoifanya kazi hiyo.

Hali inaweza kuwa nafuu siku zijazo. Umoja wa Ulaya umepitisha kanuni inayotaka vifaa vidogo vinavyouzwa huko kuanzia tarehe 18 Februari 2027 viwe na betri ambazo mtumiaji anaweza kuzitoa na kuzibadilisha mwenyewe. Watengenezaji wale wale ndio wanaotuuzia sisi. Lakini vifaa vilivyo mikononi mwetu leo havitasubiri kanuni hiyo.

Ili usirudi hapa haraka

Kitunze mbali na jua na mabati. Usikiache kiishe chaji kabisa. Ukikiweka kwa muda mrefu, kiwe na chaji nusu hivi, kizimwe kabisa, na ukichaji kidogo kila baada ya miezi miwili au mitatu. Walimu wakuu mlioko hapa, naomba mteue mtu mmoja wa kufanya hivyo kila likizo. Ni kazi ya dakika chache, na mtaokoa vifaa vingi.

Namalizia na mama. Nilipokifunga kile kifaa niliogopa kukiwasha mbele yake, nikaenda kukichajia jikoni. Taa ndogo ya chini ikawa ya rangi ya chungwa, na baada ya saa kadhaa ikageuka kijani. Nikampelekea. Kilifunguka pale pale alipoachia, kwenye herufi zile kubwa. Akaniuliza, "Sh2,500 tu?" Nikamwambia ndiyo. Akasema nimwambie yule fundi. Mpaka leo sijamwambia, lakini nimewaambia ninyi.

Sasa leteni vifaa mezani, tuanze na kimoja baada ya kingine, na vilivyovimba tuviweke kando.